Vidonge Nane, Chapati Tatu

Melkizedek aliugeuza mfuko wa aproni yangu ndani-nje mbele ya watu kumi na mmoja na punda tisa, na vipande vitatu vya chapati vikadondoka chini. Kimoja kilikuwa cha asubuhi ile. Kimoja cha jana. Cha tatu kilikuwa kimekauka kiasi kwamba kilipogonga jiwe kilitoa mlio.

"Haya, dada Clara," akasema. "Waeleze wenzako. Hizi unawatunzia panya?"

"Nakutunzia wewe," nikamjibu. "Naona ukila chapati sita bado unalala na njaa."

Wapagazi wawili wakacheka, halafu wakakumbuka ni nani anayeandika ripoti ya msafara, wakanyamaza.

Tulikuwa ukingoni mwa kreta ya Empakai, siku ya tatu ya safari ya miguu kutoka Nainokanoka kwenda Engaresero. Wageni wanne walikuwa kwenye hema lao la kulia wakiupiga picha ukungu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tumezunguka sinia letu, na kila mkono uliokuwa njiani kwenda mdomoni ulikuwa umesimama hewani. Loserian, mwenye punda, alikuwa ameshakula nusu ya chapati yake. Akaitazama nusu iliyobaki, akanitazama mimi, kisha akairudisha kwenye sinia taratibu kama anayerudisha yai chini ya kuku.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Melkizedek kunichukia hakukuwa na tabu. Na mimi nilimchukia kwa moyo mkunjufu, tulikuwa tumezoeana. Lakini Loserian alikuwa amekula mikononi mwangu misimu miwili bila kuuliza swali hata moja.

Nieleze sheria ya kampuni. Mwenye kampuni ni Bi Mwajabu wa Karatu, mwanamke aliyeanza na duka la vitenge na sasa ana magari manne. Mwaka fulani wapagazi wake wote waliharisha kwa maharage yaliyolala, mpishi peke yake akabaki mzima, anapiga mluzi. Tangu siku hiyo Bi Mwajabu akatoa amri: chochote wanachokula wafanyakazi, mpishi anakula kwanza, kutoka sinia hilo hilo, wote wakimwona. Mpishi asiyekula, hapiki.

Safari nyingine amri hiyo haikunisumbua. Wageni wanakula mikate na chapati, sisi tunakula ugali na maharage, na ugali mimi naufyeka kama trekta. Safari hii kiongozi wa msafara alikuwa Melkizedek, na yeye ndiye aliyepakia vyakula Karatu. Unga wa ngano, magunia mawili. Unga wa mahindi, kamfuko kamoja, kakaisha siku ya pili. Hakukosea. Alikuwa ameshaniona ninavyoukwepa mkate, na kule Engaresero Bi Mwajabu alikuwa anafungua jiko la kudumu kwenye kambi yake mpya. Ajira ya mwaka mzima, kitanda chako, jiko la gesi, na kwaheri kupika kwa moshi huku umechuchumaa. Waliolitaka jiko hilo walikuwa wawili: mimi, na Leonce, mtoto wa mjomba wake Melkizedek, ambaye wali wake ukiurusha ukutani unabaki hapo hapo.

"Siku tatu," Melkizedek akawahesabia kwa vidole. "Anabana kipande, anapeleka mdomoni, anatafuna hewa, kipande kinaingia mfukoni. Jamani, mpishi anaiogopa chapati yake mwenyewe! Humo ndani kuna nini?"

"Kuna unga, maji, chumvi na mafuta."

"Basi kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Maneno?"

Nikainama, nikaanza kuokota vile vipande vya chapati.

"Keshokutwa asubuhi," akasema Melkizedek, "kambi ya mwisho, kabla hatujateremka. Utakula chapati nzima mbele ya watu wote. Ukikataa, ripoti yangu kwa Bi Mwajabu ina sentensi moja tu, na nimeshaitunga."

*

Tumbo langu lina historia ndefu kuliko cheti changu.

Nimezaliwa Rombo, kwenye migomba. Asubuhi mtori, mchana ndizi, jioni ndizi zilizobadilishiwa jina. Mkate tuliuona Krismasi. Sikujua kama nina tumbo mpaka nilipomaliza kidato cha nne nikaja Karatu kujifunza upishi wa watalii, maana Karatu ngano iko kila mahali. Ukitoka nje ya mji kuelekea Mbulumbulu ni mashamba ya ngano, ukirudi mjini ni maandazi kila kona. Ndani ya mwaka mmoja nikawa navimba tumbo kama ngoma, naharisha, nakonda, kucha zinakatika, damu imepungua mpaka nikipanda ngazi naona nyota. Nikapewa dawa ya minyoo mara nne. Kama nilikuwa na minyoo, basi ilikufa, ikafufuka, ikafa tena. Nikatibiwa taifodi. Nikatibiwa amiba. Jirani mmoja akaniambia nimelogwa na akataka kuniuzia na jina la aliyeniloga.

Mwaka jana mwezi wa saba nikampikia mama mmoja mgeni, mwembamba, mcheshi, aliyekuja na kadi iliyoandikwa Kiswahili. Kadi ilisema ana ugonjwa wa siliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, kile kinachofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Watu wengine wanakila kama kawaida, lakini kwake kikifika tumboni mwili unapandwa na hasira na kuanza kuupiga utumbo wake wenyewe. Nyuma ya kadi kulikuwa na orodha ya dalili. Nikaisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa juu ya ndoo. Alichobakiza kuandika kilikuwa jina langu tu.

Niliacha ngano kimya kimya. Mwezi mmoja, tumbo likatulia kama mtoto aliyenyonya. Nikawa napika mikate ya watu na kula viazi vyangu, na sikumwambia mtu, kwa sababu nani atamwajiri mpishi ambaye mkate ni sumu kwake? Ni sawa na dereva anayetapika akipanda gari.

Yule mama alipoondoka aliniachia kichupa cha vidonge. Vimeng'enya. Akanieleza taratibu, na Kiingereza changu hakina matatizo: hivi vinasaidia kuikatakata gluteni iliyoingia kwa bahati mbaya, chembe tu, mchuzi uliochanganywa na kijiko kichafu, na hata hapo hakuna uhakika. "Visikudanganye ukala mkate," akasema. Akarudia mara mbili. Nilimwelewa mara zote mbili.

Lakini mimi ni mpishi. Sisi watu wa jikoni hatujui neno hapana, tunajua kuzidisha. Wageni wawili, mayai manne. Wageni kumi na wawili, mayai ishirini na manne. Kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia alituambia kimeng'enya ni kama mkasi, na mimi nilipata C. Kwa hiyo nikakaa nyuma ya sanduku la bati ninalookea mikate, nikapiga hesabu ya jikoni: kama kidonge kimoja kinakata chembe, basi vinne vinakata chapati moja. Kichupa kilikuwa na vidonge vinane. Chapati mbili hizo, safi kabisa.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa hesabu ya mayai.

*

Asubuhi ya siku ya tano tulikuwa kambi ya mwisho, mlima Oldonyo Lengai uko mbele yetu umechongoka kama umekasirishwa na mtu. Nilikanda unga kabla jua halijatoka. Nilipika chapati nzuri siku ile, nasema bila aibu: laini, zina matabaka, zinanukia hadi punda wakageuza masikio. Ukitaka kumkomesha adui, mpikie vizuri.

Nikameza vidonge vyote vinane kwa chai ya rangi. Nikatoka.

Melkizedek alikuwa ameshawapanga watu duara kama mkutano wa kijiji. Yeye katikati, amefunga buti, amevaa ile kofia yake yenye nyuzi.

"Bismillah au kwa jina la Baba?" akaniuliza.

"Kwa jina la njaa yako," nikasema. Nikachukua chapati ya juu kabisa, nikaikunja, nikauma.

Nisikilizeni, jamani. Ilikuwa mwaka mzima sijaila. Ilikuwa tamu mpaka ikanitia hasira. Nikaila yote nikimtazama usoni bila kupepesa. Nikafungua mdomo, nikamwonyesha ulimi kama mgonjwa kwa daktari.

"Ya kwanza hiyo," nikasema.

Nikala ya pili. Wapagazi wakaanza kunishangilia chini chini. Mmoja akasema, "Huyu si mpishi, ni mashine." Uso wa Melkizedek ukaanza kukosa pa kukaa.

"Sawa, sawa, imetosha," akasema. "Watu wale."

"Hapana, kaka. Ulisema nina woga. Ngoja niutoe."

Nikala ya tatu. Hiyo haikuwa na kidonge chake. Hiyo niliila kwa chuki tu.

Loserian akanyoosha mkono, akachukua chapati, akala. Wengine wakafuata. Mimi nikasimama pale nimeshika kiuno kama mwanasiasa aliyepita bila kupingwa, nikamwambia Melkizedek: "Ile sentensi yako uliyoitunga, ikunje vizuri. Utaitumia chooni."

Maneno mazuri sana. Mwenye kukihitaji choo alikuwa mimi.

*

Kutoka pale kuteremka Engaresero ni masaa mengi ya mawe, vumbi la majivu na jua. Miti imekaa mbalimbali kama imegombana. Nalitaja hilo kwa sababu ya umuhimu wake.

Saa ya kwanza nilitembea nikiimba. Saa ya pili tumbo likaunguruma mara moja, kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi. Saa ya tatu liliingia bila kusubiri kukaribishwa. Nikavimba mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Halafu kisu. Halafu nikatafuta kichaka, na upande wote ule wa Bonde la Ufa, naapa, hakukuwa na kichaka cha kumficha hata sungura. Nilijificha nyuma ya punda. Punda naye akasogea.

Sitaeleza zaidi. Wageni walikuwa mbele, ahsante Mungu. Baada ya mara ya tano nikatapika, nikashindwa kuendelea. Nikakaa kwenye majivu, nalia, natukana hesabu.

Loserian ndiye aliyerudi. Akanisimamia akiwa ameegemea fimbo yake, kivuli chake kikanifunika.

"Ni chapati," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni chapati."

"Sisi tumekula. Hatuumwi."

"Nyinyi haiwadhuru. Ni mimi. Ngano inanichana ndani. Chapati zangu hazina kitu, Loserian. Nilikuwa nazificha kwa sababu hiyo tu."

Akafikiri. "Na leo ulikula kwa nini?"

"Kwa sababu uliirudisha ile nusu."

Akamshusha punda mmoja mzigo, akaugawa kwa wengine wawili, akanipandisha mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia Engaresero, mpishi mkuu mtarajiwa, nimelalia tumbo juu ya punda kama gunia la mkaa.

*

Bi Mwajabu alikuwa ametangulia kwa gari kuja kulikagua jiko jipya. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwake, buibui jeusi, miwani ya jua, simu mbili. Nyuma yake niliona jiko la gesi la plati sita, jipya, bado lina karatasi ya nailoni. Hata katika hali ile nililitamani.

"Shikamoo Bi Mwajabu," nikasema kutoka kwenye punda.

"Marahaba. Huyu amekufa?"

"Bado," Melkizedek akadakia. "Bosi, nilikwambia kwenye simu juu ya huyu binti. Anaficha chakula, hali anachopika. Leo nimemlazimisha kula, ona. Chakula chake kimemwangusha mwenyewe! Kama si mimi, wageni wako leo wangekuwa kwenye ndege ya wagonjwa."

"Wageni wamekula chapati hizo hizo?" Bi Mwajabu akauliza.

"Wamekula."

"Wanaumwa?"

Melkizedek akageuka. Wageni wanne walikuwa wanashindana kurusha mawe, wazima kama chuma.

"Bado," akasema. "Lakini..."

"Wewe umekula?"

"Mbili."

"Nne," nikasema kutoka kwenye punda.

"Kwa hiyo sumu imekula mtu mmoja ikashiba," Bi Mwajabu akasema. Akanigeukia, na usidhani sauti ilikuwa laini. "Na wewe shuka hapo, unazungumza na mimi juu ya mnyama? Sema, na useme kifupi, nina jua kichwani."

Nikasema. Nikasema vyote: Rombo, minyoo iliyofufuka, kadi, vidonge vinane, hesabu ya mayai. Nilipofika kwenye hesabu alivua miwani.

"Mwenye dawa alikwambia si za kulia mkate?"

"Alisema."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ukala tatu."

"Ndiyo, Bi Mwajabu."

"Mpumbavu."

"Ndiyo, Bi Mwajabu."

Melkizedek akacheka. "Hivi bosi unaamini hii hadithi? Mtu augue kwa sababu ya ngano! Ngano! Chakula hata watoto wanapewa. Hivyo ni visingizio vya kizungu, amevisoma kwenye kadi. Na hata ikiwa kweli, mpishi asiyeweza kula mkate wake ni mpishi huyo? Leonce yuko tayari hata kesho, na yeye anakula kila kitu."

"Hilo tunalijua," mpagazi mmoja akasema pembeni. "Tatizo ni sisi kula chake."

Ndipo Loserian akasema. Huwa haongei, kwa hiyo hata simu za Bi Mwajabu zilinyamaza.

"Mimi nilipokuwa morani, nyama iliyoonwa na mwanamke sikula. Miaka mingi. Nachinja mbuzi, nakwenda kuila porini na wenzangu. Mama yangu hakuniuliza kama mbuzi wake ana sumu." Akamtazama Melkizedek. "Mtu anaweza kuwa na chakula ambacho si chake. Huyu anasema ngano si yake. Mimi nakula chapati zake."

Bi Mwajabu akairudisha miwani usoni.

"Maneno mazuri, lakini mimi siendeshi kampuni kwa maneno. Clara, niletee karatasi ya daktari inayosema ni ngano, haijalishi itakuchukua muda gani. Ukileta, jiko ni lako. Usipoleta, ni la Leonce. Mpaka hapo anashika yeye."

Melkizedek akanikonyeza. Nilikuwa sina nguvu ya kumtupia hata kokoto.

*

Hospitali Karatu nilimkuta daktari kijana, Daktari Naomi, ambaye hakunipa dawa ya minyoo. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwonyesha kichupa kitupu, akakisoma lebo mbele na nyuma.

"Vimeng'enya hivi si utapeli," akasema. "Watu wanavifanyia utafiti kwa bidii, na kuna vinavyoikata gluteni vizuri kwenye chupa ya maabara. Shida ni tumboni. Chakula ni kingi, asidi ni kali, muda ni mfupi. Vinakata kiasi, na hicho kinachobaki ndicho kinachokuchana. Hakuna aliyekwishapona siliaki kwa kumeza hivi. Ulikula chembe ngapi?"

"Chapati tatu."

Akaandika kitu, nadhani ni kile kile alichosema Bi Mwajabu.

"Tiba inayojulikana ni moja," akaendelea. "Uache ngano, uache shayiri, uache na bia. Maisha yako yote."

"Nimeshaacha. Ninachotaka ni karatasi."

Hapo akakiweka kichupa mezani, akanitazama kwa huruma, na huruma ya daktari ni kitu kibaya sana.

"Karatasi inatokana na kipimo cha damu, na damu yako nitaipeleka Moshi. Lakini kipimo kinatafuta vita vya mwili dhidi ya gluteni. Wewe umeacha ngano mwaka mzima, vita vimepoa. Nikipima leo kinaweza kusema huna kitu. Ukitaka kipimo cha kweli, inabidi urudi kula ngano. Kidogo, kila siku. Wiki sita."

"Nile sumu ili nipate cheti kwamba ni sumu?"

"Silazimishi. Wengi wanakataa, na wana haki. Na ukizidiwa, unaacha siku hiyo hiyo na unakuja."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi. Nikalifikiria jiko la plati sita lenye nailoni. Nikamfikiria Leonce akiivua ile nailoni kwa mikono yake yenye ukoko. Nikamfikiria Melkizedek akikonyeza.

Nikavuka barabara, nikanunua andazi.

Wiki sita, jamani. Nusu chapati kila siku, peke yangu, chumbani kwangu, bila kidonge, na ndoo pembeni. Watu wanaomba sala kabla ya kula. Mimi nilikuwa nataja jina moja tu. "Melkizedek," nasema, nauma. "Melkizedek," natafuna. Siku nyingine nilipoinuka ndoo ndiyo ilikuwa imeyasikia mengi kuliko mtu yeyote. Kilo nne zikaondoka. Aliyeniona sokoni akaniuliza kama nimeacha kula, nikamwambia hapana, nimeanza.

Damu ikaenda Moshi. Karatasi ikarudi, na Daktari Naomi akaniambia watataka pia kuingiza kamera kuuona utumbo, lakini majibu ya damu yamepanda juu sana, na akaandika kwa mkono wake: mgonjwa asile ngano. Nikaibusu ile karatasi mbele ya foleni.

*

Bi Mwajabu aliisoma mlangoni mwa jiko lile lile, kiti kile kile. Ndani Leonce alikuwa anakwangua sufuria, na nje wapagazi walikuwa wamekaa na nyuso za watu waliokula wali wa Leonce wiki nane.

"Leonce," akaita bila kuinua kichwa. "Vua aproni, mwanangu. Utarudi kuosha magari."

"Bosi!" Melkizedek akaruka. "Sasa sheria yako je? Mpishi anakula kwanza. Karatasi inasema huyu haruhusiwi kula. Basi kwa sheria yako mwenyewe hapiki!"

Nikiri kwamba alikuwa na hoja, mshenzi yule. Nilikuwa nimekula wiki sita za sumu kuleta karatasi ya kujifukuzisha kazi.

Bi Mwajabu akaikunja karatasi mara nne.

"Sheria yangu inabaki," akasema. "Ugali, wali, maharage, Clara anakula kwanza. Chakula cha ngano ataonja mtu mwingine, mbele ya watu wote, kabla ya yeyote. Na sitaki mtu wa kuonja ovyo ovyo. Nataka mtu makini. Mtu anayezijua chapati za Clara, aliyezichunguza, aliyekuwa na wasiwasi nazo kuliko wote." Akavua miwani. "Melkizedek. Kila asubuhi ukiwa kambini. Nzima."

Mpagazi mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

Asubuhi ya kwanza nilivua ile nailoni iliyobaki kwenye jiko langu, taratibu, kipande kwa kipande. Nikakanda. Nikaziacha zipumzike, nikazisukuma, nikazipika mpaka zikajaa matabaka. Sinia nikaliweka katikati ya duara. Mimi nikakaa na viazi vyangu na chai.

Melkizedek akachukua ya juu. Akainusa. Akaigeuza. Akaipasua katikati akachungulia ndani kama anayetafuta barua. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja juu yake: maneno yote aliyowaambia watu kuhusu chapati zangu, mwenyewe aliyaamini kidogo.

"Kula, kaka," nikasema. "Chai inapoa."

"Umeweka nini?"

"Unga, maji, chumvi, mafuta."

"Na nini?"

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na iliki, tamu sana.

"Clara. Nimekuuliza. Na nini?"

Nikamtabasamia tu. Jasho likaanza kumtoka chini ya ile kofia yenye nyuzi, saa moja asubuhi, hata jua halijashika. Akauma kipande kidogo. Akatafuna. Nilihesabu: mara arobaini na moja, na bado hajameza.

Loserian hakumsubiri. Alinyoosha mkono, akachukua chapati yake, akaikunja mara mbili, akala yote.

Mimi nikasogeza kigoda changu karibu na Melkizedek, nikamwinamia sikioni.

"Vipi, kaka," nikamuuliza, "tumbo?"